Darubini za Padri na Jivu la Jikoni

Darubini ikitajwa mbele yangu, mpaka leo huwa natazama chini.

Miaka ya themanini nilifundisha sayansi Karatu. Padri wetu alitaka kupiga picha mawingu ya nyota za mbali kutoka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, na rafiki yake wa Arusha akamwazima darubini mbili za bei mbaya, kubwa na ndogo, azijaribu kisha anunue moja.

“Mwalimu, mtaalamu ni wewe,” aliniambia. “Kaa nazo, uniambie ipi bora.”

Nilizigeuzageuza kwa udadisi. Lenzi zake ziling’aa zambarau, kama zimemwagikiwa mafuta. Nikajiuliza, mwanga wa nyota utapitaje kwenye uchafu huu? Nikakumbuka jinsi mke wangu anavyotakatisha sufuria. Nikachekecha jivu likawa laini kama unga, nikasugua mpaka zambarau ikaisha.

Jumapili, baada ya misa, nikampelekea ile ndogo. “Bora ni hii, Padri.”

Akaielekeza dirishani. “Rangi yake iko wapi?”

“Nimeitoa. Kwa jivu.”

Padri akakaa. “Mwalimu, ile rangi walipaka kiwandani, mwanga usipotee. Basi, hii nitainunua hivyohivyo. Lete ile nyingine nimrudishie mwenyewe.”

Nikatazama chini. Nilikuwa nimezisugua zote mbili, ili nizilinganishe kwa haki.