Siku Niliyokwenda Kumtetea Mchora Leso

Aibu kwanza, tuimalize: nilikwenda Biashara Street kumtetea mwana wa watu, na mdomo wangu ndio uliomzika.

Nilikuwa na kijiduka cha kompyuta mtaa wa Kuze, Mombasa. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, lakini mtaani wakiniita injinia kwa kuwa najua kuzima na kuwasha. Kompyuta yenyewe moja, watumiaji tele, kila mtu na neno lake la siri. Msichana mmoja akichora leso humo. Michoro akiifunga kwa programu, na programu ikampa ufunguo: faili dogo tu, ila mwenye nalo hufungua kila kitu.

"Nitunzie, kaka," akaniambia. "Mie ntaupoteza."

Nikautunza kama tutunzavyo funguo za nyumba pale mtaani. Jirani akitoka humwachia mwenye duka ufunguo, ukatundikwa msumarini, kila mtu auona na hapana augusaye. Basi funguo za wateja wote nikazitia kwenye folda moja, wazi kwa yeyote aliyeingia. Nilikuwa mvivu wa kuinuka kila nikiitwa.

Kabla ya Idi leso zake zikajaa madukani. Mtumiaji mwengine aliifungua michoro kwa ufunguo ule, akaichapisha kuwa ni yake. Mamangu alinunua jozi, akasifu rangi. Msichana alipompelekea michoro mzee mwenye duka la leso Biashara Street, aliyeahidi kumchapishia, mzee akaitupa mezani mbele za wateja.

"Mwanangu, waniletea wizi?"

Akaja kwangu analia. "Njoo useme ni yangu. Si waniona kila siku nikichora?"

Nikenda, kanzu nimeipiga pasi. Nikaeleza yote, hata folda.

"Kwa hivyo yeyote angefungua ya yeyote?" mzee akauliza.

"Naam, mzee."

"Hata huyu, ya mwenzake?"

"...Naam."

"Nawe ulimuona akichora, au akinakili?"

"Mie, mzee, hasa nilikuwa natazama mpira."

Duka zima likacheka. Msichana akateremsha ushungi usoni, akatoka bila ya kunitazama. Sasa ashona foronya kwa shangaziye. Leso hachori tena, na Biashara Street hapana amfunguliaye mlango.

Rafiki yangu, fundi wa simu, nilipomsimulia alicheka mpaka akakohoa.

"Yakhe," akasema, "uongo wako tangu utotoni haujamdhuru mtu. Kweli moja tu, umemmaliza mwana wa watu. Rudi kwenye uongo, twakuomba."