Mama Mkwe na Matundu ya Hewa

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Musoma miaka ile ambayo sabuni ilipangiwa foleni na saruji ilikuwa hadithi tu. Alitoka kijijini, upande wa Butiama, kwenye nyumba ya nyasi ambamo moto haukuzimika. Yetu ilikuwa ya bati, imezungukwa na majabali yanayoshika jua tangu asubuhi. Mchana ilichemka hadi mafuta ya kujipaka yakawa maji ndani ya kopo.

Mimi na mume wangu tulikuwa tumepambana na joto lile. Mbao za dari hazikupatikana, basi tulifumua magunia, tukayashona pamoja, tukayapaka chokaa na kuyakaza chini ya bati kwa misumari ya zamani tuliyoinyoosha kwa jiwe. Juu ya kila dirisha tukatoboa matundu ya hewa. Upepo wa ziwani ukaanza kupita, na kwa mara ya kwanza niliweza kusahihisha madaftari ya wanafunzi mezani bila jasho kudondokea karatasi.

Mama mkwe alisimama katikati ya sebule siku ya kwanza, akatazama juu.

"Nyumba gani hii? Imetoboka kama chujio."

"Ni ya kupitisha hewa, mama," nilimjibu.

"Mimi ni mzee. Hewa yako itaniua."

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni, matundu ya chumbani kwake yalikuwa yamezibwa kwa magunzi na udongo. Niliyazibua. Akayaziba tena. Nilizibua huku ananitazama, naye alingoja nigeuke ndipo akachukua udongo mwingine. Tulifikia hatua ya kutosalimiana asubuhi. Mume wangu aliposhtakiwa na pande zote mbili, alivaa viatu akaenda kazini mapema.

Msimu wa mvua, aliongeza jiko la mkaa. Aliliwasha nje, kisha akaliingiza chumbani na kufunga mlango.

"Mama, mkaa ndani ya chumba kilichozibwa ni hatari."

"Kwetu tulikuwaga tunalala na moto. Nani alikufa?"

"Nyasi zinapumua, mama. Bati na ukuta huu havipumui."

"Mwalimu," alisema, na akalitamka neno hilo kama tusi, "nenda kawafundishe watoto wa wenzako."

Mchana mmoja wa mvua kubwa nilirudi nimelowa. Niligonga mlango wake nimuulize kama amekula. Kimya. Niliita, nikasukuma. Alikuwa amelala chali, mdomo wazi, jiko linawaka taratibu pembeni ya kitanda. Kichwa changu kilianza kugonga pale pale. Nilimshika kwapani nikamburuta hadi barazani, mvua inampiga usoni, kisha nikarudi na mchi nikabomoa udongo wote wa matundu, nikalitupa jiko uani.

Alitapika. Akakohoa. Alipofumbua macho, aliniona nimemwinamia.

"Nani kakuruhusu kuingia chumbani kwangu?"

Jioni mume wangu alimkuta kajifunika mablanketi, analia. Alikwishamwambia jirani kwamba nimemtoa nje kwenye mvua ili afe kwa baridi.

"Umemlaza mama yangu mvuani?" mume wangu aliniuliza. Alikuwa hajawahi kuninyanyulia sauti namna ile.

Nilimshika mkono nikampeleka chumbani. Nilimwonyesha udongo sakafuni, magunzi, alama nyeusi pale jiko lilipokaa. Aliinama akaigusa ile alama kwa kidole. Hakuniomba radhi. Alitoka akamwambia mama yake, kwa kilugha chao, maneno ambayo mpaka leo sijatafsiriwa.

Wiki hiyo hiyo shemeji yangu alikuja kumchukua. Mama mkwe alifunga nguo zake mwenyewe, akapita mbele yangu barazani kana kwamba nimekuwa nguzo. Nilimpa mkono. Alihamishia kifurushi kwenye mkono wake wa kulia.

Baadaye maduka yalipofunguka na bidhaa kujaa, tulinunua mbao za dari za kweli. Mume wangu alipendekeza chumba cha mama yake tukiache kama kilivyo, huenda angerudi. Nilimwambia fundi aanzie hapo.

Hakurudi. Ndugu waliotoka huko walinieleza kwamba aliendelea kunisema hadi uzeeni kabisa, akiota moto wake kwenye nyumba ya nyasi, mzima wa afya.