Koleo la Nshombo na Helikopta ya Shemeji

Nshombo wa Whitehall, kitongoji cha Columbus huko Amerika, alijua kitu kimoja duniani, nacho alikijua sana: kukaza. Kule Uvira, Kongo, alikotengeneza pikipiki, barabara zilifungua nati kuliko spana, basi yeye alikaza mpaka nati ilie. Watu walimheshimu. Sasa yuko Columbus, kutwa anapanga maboksi ghalani karibu na Gahanna, na heshima yote imehamia Buffalo, kwa Sipriani, kaka wa mke wake. Mtu wa cherehani! Mshona suruali!

Sipriani alikuwa na helikopta ya rimoti, na kila Jumapili alituma video kwenye WhatsApp. Adolphine, mke wa Nshombo, aliitazama hata akisonga ugali.

"Baba Mizero, angalia kaka yangu! Iko inasimama hewani kama imetundikwa."

Nshombo alicheka kwa meno tu. Wiki iliyofuata akanunua ileile, rangi ileile, akaiunganisha na kukaza kila kitu. Ikapanda, ikayumba kama mlevi anayetafuta mlango, ikazama kwenye maua ya jirani.

Vijiti vinavyoinamisha mapanga ya helikopta vina kikombe cha plastiki nchani, na kikombe hukaa juu ya kigololi cha chuma. Vikombe vyake vilibana mno, vikawa vinakwama. Nshombo hakuona kosa. Kwa fundi wa Uvira, kinachobana ndicho kizima.

Septemba 2015 mtoto wao mchanga akabatizwa, na ukoo ukakutana Columbus, maana ndiyo katikati. Sipriani akaja na boksi lake. Dada mkubwa wa Sipriani na Adolphine, Chimène, akatoka Louisville, na hata kiti hakijapata joto akauliza:

"Bon, ya Sipriani itaruka saa ngapi?"

Ya Sipriani! Ya mwenye nyumba haikutajwa.

Mchana wageni wakaingia sebuleni kuomba. Nshombo akabaki "kuangalia nyama", yaani kufungua boksi la Sipriani kwenye veranda. Akagusa kiungo kimoja cha kikombe na kigololi, kikafuata kidole kama shingo ya mtoto aliyelala. Vingine vivyo hivyo, isipokuwa kimoja kilichokuwa kigumu kidogo. Kumbe hii husimama hewani kwa kulegea! Wivu ukampanda mpaka masikioni.

"Ngoja nikukaze wewe," akakiambia, "tuone kama utasimama hewani."

Akabana kikombe kwa koleo, taratibu kisivunjike, mara mbili. Sebuleni wakasema amina, akafunga boksi.

Nyuma ya nyumba helikopta ikapanda. Ikasimama! Ikatulia kuliko kwenye video zote. Sipriani mwenyewe akashangaa.

"Jamani! Tangu Buffalo kiungo kimoja kilikuwa kinanisumbua. Leo kimelainika chenyewe. Mungu iko mukubwa!"

Chimène akapiga vigelegele. Adolphine akacheza na mtoto mgongoni.

Nshombo akaelewa palepale. Koleo halikukaza kitu. Plastiki ilipobanwa juu ya chuma ilitanuka, kikombe kikapanuka, kigololi kikapata nafasi. Ndiyo kazi safi kuliko zote alizofanya Amerika, na sasa Mungu na Sipriani wanagawana sifa. Mtu mwingine angenyamaza.

"Mungu hakushika koleo," akasema. "Ni mimi nilikibana."

Sipriani akashusha helikopta.

"Wakati gani, shemeki?"

"Wakati… wa maombi."

"Donc sisi tuko tunaomba," Chimène akasema, "na wewe uko ndani ya boksi ya mugeni! Ulitaka kumusaidia?"

Adolphine hakungoja jibu. Miaka kumi na miwili anaishi na mtu huyu.

"Alitaka ianguke," akasema.

Kicheko kilichotoka kwa Chimène kilifungua madirisha ya jirani. Sipriani akatikisa kichwa, akachukua koleo kwenye veranda, akamkabidhi Nshombo.

"Lete ya kwako, shemeki. Utuonyeshe ulivyobana."

Wakamzunguka. Kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye ndege, watu walitazama mikono yake. Akabana kikombe cha kwanza, kikalegea vizuri kabisa. Akamchungulia Sipriani kwa pembe ya jicho, aone kama na yeye wivu unamshika, hata kidogo.

Sipriani alikuwa anapiga makofi. Hayo makofi yalimuuma Nshombo mpaka Jumatatu.