Sikuingia Nyumba Yake

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa nane, mwaka jana, nilimpoteza kijana wangu. Alikuwa na miaka kumi na sita. Ni moyo.

Akiwa mdogo, hapa kwetu Runyenjes, alijua kujizuia kuliko watoto wote niliowajua. Nikimwachia nduma na kumwambia amsubiri dada yake atoke shule, nilikuwa narudi na kuzikuta zote kwenye sahani. Alijikata na jembe na hakulia. Redioni nilisikia kwamba mtoto anayejua kujituliza hukua na moyo wenye afya. Nilifurahi sana. Kanisani nilijisifu, "Wangu anavumilia vizuri." Kumbe miaka hiyo koo lilimuuma kila msimu wa mvua, magoti yakavimba, na hakusema.

Alipotahiriwa alijengewa nyumba yake ya mbao nyuma ya jikoni. Huku kwetu mama haingii humo. Nilikuwa nasimama nje na chakula.

"Umeamkaje?"

"Niko poa, mathe."

Nikaridhika na sauti.

Aliyemtunza akiwa jandoni ni shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Yeye aliingia alivyotaka.

Siku alipoanguka tulimkimbiza Embu. Daktari alisema moyo ulikuwa umeharibika kidogo kidogo tangu yale maumivu ya koo na magoti, ambayo kijana alimweleza yeye, na kwamba angeletwa mapema angesaidika. Nilimwambia hakuna aliyejua. Nilisema hivyo nikiamini.

Siku ya tatu baada ya mazishi shemeji alikuja kutoa godoro. Nikaingia nyuma yake, mara yangu ya kwanza. Kitanda kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali upande wa kichwani.

"Haya nani aliweka?"

"Ni mimi. Akilala chali alikuwa anakosa pumzi."

"Tangu lini?"

"Tangu Krismasi."

"Na ulikuwa unakula kwangu kila Jumapili."

Aliangalia chini. "Shemeji, alishakuwa mwanaume. Alinikataza. Ningekuja kwako ningemwaibisha. Na alikuwa anavumilia vizuri."

Maneno yangu yale yale.

Nilitoa matofali, mawili mawili, nikayapanga nje karibu na kuni. Shemeji alifunga godoro kwa kamba, kisha akauliza kama kuna chai. Nikampa. Aliinywa akiwa amesimama, akarudisha kikombe, akaenda.