Mama Feza Hakutaka Kuandikwa

Kuna siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku nyingi za ujana wangu. Nilikuwa mwalimu katika shule ya mapadri ya Kasongo, wakati wa Wabelgiji, na niliandikia gazeti dogo la shule. Nikasikia habari za mwanamke wa Kabambare, Mama Feza, aliyewasemea wajane barazani. Siku zile avoka, yaani wakili, alikuwa mzungu tu, tena wa mbali. Mjane asiye na wa kumsemea alinyang'anywa shamba na watoto kabla matanga hayajaisha. Nikasema, maisha ya mama huyu nitayaandika mimi. (Majina ya watu wa habari hii nimeyabadili. Usijisumbue kuyatafuta.)

Nikapanda lori la pamba mpaka Kabambare. Nilimkuta akitwanga sombe, mboga ya majani ya muhogo. Nikamweleza kilichonileta, hakuacha kutwanga.

"Baba, maisha yangu iko hii unaona," akasema. "Kinu, watoto, shamba."

"Lakini mama, watu wanasema ulimushinda hata Mzee Ramazani."

Hapo mchi ukasimama. "Kama unataka kujua kazi yangu, usiulize wale nilisaidia. Watanisifu tu. Enda umuulize yeye. Ukirudi, utakula."

Nilikwenda kwa woga. Mzee Ramazani alikuwa mtu mkali. Mdogo wake alipokufa, alichukua michikichi ya marehemu pamoja na watoto wawili, akamwacha mjane, Mwamini, mikono mitupu. Nilidhani atanifukuza. Akanipa kiti.

"Alinishinda, ni kweli," akasema. "Aliuliza kila shahidi nani alipanda michikichi ile. Wote wakasema, Mwamini na bwana yake. Akaniuliza na mimi. Ningesema nini? Baraza likamurudishia Mwamini michikichi na watoto. Niliona haya kama mutu amevuliwa nguo sokoni."

Akasogeza kiti chake karibu na changu.

"Jioni ile akakuja hapa na mboga, akakaa jikoni na bibi yangu. Mimi nilingojea wimbo. Wanawake ya huku wakishinda, wanakutungia wimbo, unaimbwa mpaka unakufa. Haukutungwa. Nikasikia baadaye kama ni yeye alikataza. Basi nikabaki mutu mbele ya watu. Na watoto ya ndugu yangu wanakuja kwangu mpaka leo. Wasikie, wanacheza kule nyuma."

Niliwasikia, mwanangu. Wahenga walisema, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Mama yule hakuondoka na jembe walipogombana, na walipopatana akawaachia wenyewe wavune.

Nikarudi, nikala sombe na samaki mkavu, nikaomba tena ruhusa ya kuandika.

"Ukiandika kushinda kwangu, utaandika na kushindwa kwake," akasema. "Wajukuu wake watasoma. Andika haki ya mujane. Ile haina aibu kwa mutu."

Sikufurahi mara moja. Nilikuwa kijana, nilitaka hadithi. Lakini niliandika alivyosema: mjane asimameje barazani, aite mashahidi gani, aombe nini. Walioweza kusoma wakawasomea wasioweza. Baadaye nikapata habari kwamba kule Nyangwe mjane mmoja alisimama bila wa kumsemea, akarudi nyumbani na watoto wake. Nilipomweleza Mama Feza, aliniuliza tu kama watoto wana afya.

Basi, mwanangu unayependa kuchimba maisha ya watu, usimwandike mtetezi kabla hujakaa na aliyeshindwa naye. Mtu akikataa kutangazwa, usifikiri anaficha ubaya. Huenda anaifunika aibu ya mwenzake. Chema chajiuza, hakihitaji tarumbeta. Na wewe ukishinda, shinda kwa haki, kisha mwachie uliyemshinda njia ya kurudi kwa watu wake.

Mungu akupe ulimi wa kutetea na moyo wa kunyamaza. Na siku utakapoonewa, usikose wa kusimama nawe.