Mistari ya Chaki ya Fundi Jicho

Mimi nina mdomo. Nalisema hilo mapema ili asije mtu kuniambia baadaye. Hasira zangu ziko karibu, nikishikwa nasema, nikimaliza kusema ndipo nafikiri. Watu wa mtaani wamenizoea. Habari hii ni ya mdogo wangu, lakini sehemu yangu imo na sitaificha.

Tuna duka la ushonaji alilotuachia baba. Ni chumba kimoja chenye meza ya kukatia na cherehani mbili, na nyuma ya pazia kuna stoo ndogo ya vitambaa, bitana na maboksi ya nyuzi. Mimi nakata, mdogo wangu anashona. Wateja walimpa jina la Jicho, kwa sababu alikuwa akikutazama unavyoingia mlangoni tu, anakutajia kifua, kiuno na urefu wa mkono, na ukipimwa kwa futi unakuta amekosea upana wa kidole, au hajakosea kabisa. Mabibi harusi walikuwa wanampangia foleni. Nilikuwa namtania kwamba akichoka ushonaji ataajiriwa na watengeneza majeneza, na yeye alikuwa anacheka mpaka anaachia pedali.

Nilianza kuona mambo kwenye mikono ya magauni. Mkono wa gauni, kwa asiyejua, una mbele yake na nyuma yake. Ukiupachika wa kushoto upande wa kulia, mvaaji hawezi kunyoosha mkono bila nguo kumvuta kwapani. Ni kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza. Mdogo wangu, mwenye miaka kumi na minane kwenye cherehani, akaanza kulifanya. Mara ya kwanza nilicheka. Baadaye ikawa mara mbili kwa wiki, na mimi ndiye niliyekuwa nafumua huku nanung'unika. Tena kila saa yuko stoo. Ukimuuliza, anajibu, "Natafuta uzi, dada." Uzi gani huo wa kutafutwa nusu saa, na rangi zote nimezipanga kwa mikono yangu mwenyewe? Akitoka huko hana raha, utadhani katoka kugombana na mtu.

Mchana mmoja akaja mkewe, wifi yangu, na mtoto wao wa miaka mitatu. Alikaa kwenye kigoda akaninong'oneza kwamba huu ni mwezi wa tano mume wake hamgusi. Akimuuliza, anamwapia hakuna kitu, ni uchovu wa kazi tu.

"Nadhani ana mtu, wifi," alisema.

Badala ya kumuuliza mwenye mambo yake, nikajifanya najua. Nikamwambia wanaume wanachoka kuona nguo za jikoni, ajitengeneze. Nikachukua lesi nyembamba nikamshonea nguo ya kulalia, na roho yangu safi kabisa. Baada ya siku mbili aliirudisha imekunjwa vizuri. Alisema mume wake alimtazama kidogo, akageukia ukutani, na yeye akabaki amekaa kitandani vile vile mpaka akasikia baridi. Mpaka leo nikiikumbuka ile nguo naona aibu.

Ukweli ulitoka kwa njia ya kazi. Siku hizi mishono haiko kwenye vitabu, iko kwenye simu ya fundi, picha mamia kwa mamia, na mteja anapewa simu yenyewe apitishe kidole mpaka aone shingo anayoitaka. Mafundi wote tunafanya hivyo. Basi akaja mama mkwe wake. Alikuwa mwalimu, anastaafu, anataka gauni la siku ya kuagwa. Mdogo wangu alimpokea kwa heshima zote, akamfutia kiti, akampa simu kwa mikono miwili.

"Chagua taratibu, mama."

Nilikuwa nakata, namwona kwa pembeni. Alipitisha kidole, akatabasamu, akapitisha tena. Halafu kidole kikasimama. Aliilaza simu kifudifudi mezani, akavuta pumzi.

"Mshono wowote tu, mwanangu. Nishonee wowote."

Akaondoka bila kupimwa. Mdogo wangu aliigeuza simu akaona alichokiona mama mkwe wake. Ilikuwa video ya ngono aliyoihifadhi asubuhi ile ile, ikajipanga yenyewe kati ya shingo za mraba na mikono ya puto. Akakaa chini sakafuni, juu ya vipande vya vitambaa. Mimi nilimpa makavu yake hapo hapo, mlango wazi, majirani wakasikia. Hakujitetea. Alisema tu, "Dada, siwezi kuacha. Nimejaribu tangu sijaoa. Siwezi." Sikuwahi kumsikia akisema hivyo juu ya jambo lolote.

Mama mkwe alimwambia binti yake. Siku ya pili wifi alipita dukani, mtoto kamshika mkono, begi liko mlangoni. Nilitarajia matusi. Hakutukana.

"Siondoki kwa sababu ya hizo picha," alimwambia mume wake. "Miezi mitano nimekuuliza, ukaniapia. Nikajiona mimi ndiye mbaya. Siku utakayoniambia ubaya wako mwenyewe, kabla sijausikia kwa mtu mwingine, siku hiyo nitarudi."

Hilo ndilo lililokuwa sharti lake. Nililisikia kwa masikio yangu.

Nikampeleka mdogo wangu hospitali, kwa mshauri nasaha. Kilikuwa chumba kidogo cha feni inayogongagonga na mlango usiofunga sawasawa, na mshauri alikuwa mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Nilidhani atamhubiria. Aliposikiliza yote, nikauliza mimi, "Si aache tu? Kwani kuna mtu anamshikia simu?"

Akanigeukia. Alisema kwenye ubongo kuna kemikali inaitwa dopamini, watu wanadhani ni ya raha, lakini kazi yake kubwa ni hamu: inaufundisha ubongo kwamba kitu fulani ni muhimu, ukifuate tena. Kitu kipya kinaiamsha, na kwenye simu vipya haviishi. Mtu akirudia kwa miaka, ubongo unazoea, unadai kikali zaidi, na mambo ya kawaida kama mke na kazi yanapoa. Sehemu ya ubongo inayotakiwa kusema "basi, inatosha" inakosa nguvu ya kuizuia hamu.

"Anaweza kuwa haipendi tena kabisa," alisema, "na bado anaitaka."

Mdogo wangu aliinua kichwa. "Ndivyo ilivyo," alisema, akaanza kulia. Mimi nikaitazama feni.

Yule mama hakutudanganya. Alisema wataalamu bado wanabishana, wengine wanaiita uraibu kama wa pombe, wengine wanaipa jina lingine, ila mtu anayejaribu kuacha akashindwa, huku ndoa na kazi vinaharibika, anahitaji msaada na siyo matusi. Aliposema matusi alinitazama. Alipojua sisi ni mafundi, aliuliza mkunjo wa suruali uliopigwa pasi miaka kumi unaondokaje. Nikamwambia unaweka kitambaa kibichi juu, pasi ya taratibu, leo, kesho, keshokutwa, na hata hapo ukiikunja ovyo unarudi pale pale. Akasema basi mmeshanielewa.

Kwanza alimtaka aandike ni saa ngapi na mahali gani hamu inamjia. Ikaonekana ni stoo, mchana, akiwa mpweke au nikishamgombeza. Basi tukatoa pazia la stoo. Simu kubwa ikaondoka, akabaki na ya vitufe. Picha za mishono nikazichapisha nikazibandika kwenye makaratasi magumu, wateja wakalalamika wakazoea. Hamu ikija, aliambiwa, asipigane nayo wala asiifuate, aiangalie tu inavyopanda, kwa sababu baada ya dakika kumi na tano au ishirini huwa inashuka yenyewe. Anyanyuke, atoke nje, ashike kazi ya mikono. Na kila wiki arudi kuongea.

La mwisho, kila asubuhi awe na mtu mmoja wa kumwambia ukweli. Huyo mtu nikawa mimi.

"Akianguka siku moja, siku zake nzuri hazijafutika," mshauri aliniambia. "Kinachowamaliza ni aibu. Anaanguka, anaficha, aibu inamuuma, anakwenda kuituliza kule kule. Kwa hiyo akikuambia, kazi yako ni kusikia tu. Utaweza, dada?"

Nikasema nitaweza. Nilijibu haraka mno.

Kusema kwa mdomo kulimshinda, akachagua chaki. Kila asubuhi, kabla hajaitia cherehani mafuta, alikuwa anachora ukingoni mwa meza ya kukatia: mstari kama jana imepita salama, duara kama ameanguka. Wiki ya kwanza maduara yalikuwa matatu. Niliuma ulimi nikaendelea kukata. Wiki ya nne likawa moja. Baadaye mistari ikaanza kufuatana, na mimi nikasahau kufumua, maana mikono ilikuwa inakaa sawa. Siku moja aliingia mteja mnene, Jicho akamtajia kiuno kabla hajasema shikamoo, duka zima tukacheka. Wifi akaanza kupokea simu zake, kwanza za dakika mbili, mwisho za nusu saa. Mistari ilipofika sitini na nane, wifi alisema Jumamosi atakuja na mtoto.

Mdogo wangu alimshonea mtoto gauni la njano, bila kipimo. Alikuwa hajamwona miezi minne. Alikaa kwanza amefumba macho, anakadiria atakuwa amerefuka kiasi gani, ndipo akaniambia nikate.

Ijumaa asubuhi akachora duara.

Alisimama pembeni ya meza, chaki mkononi, wala hakuwa analia. "Jana ulipokwenda sokoni. Kuna mteja aliniachia simu yake niangalie mshono wa mkono. Dakika kumi, dada. Nikaizima. Nimekuambia." Akavuta pumzi. "Sasa kesho..."

"Kesho?" Damu ilishanichemka. "Kesho gani unayo wewe? Mtoto wako anakuja kesho, nawe unajifungia na simu ya mteja? Huna haya hata kidogo? Baba angekufa mara ya pili."

Niliyasema na mengine ambayo siyaandiki. Halafu, mbele yake, nikachukua simu yangu nikampigia wifi.

"Usijisumbue kuja. Mumeo amerudia."

Nikasikia mtoto anaongea nyuma yake.

"Amekuambia wewe?" aliuliza.

"Kanichorea duara hapa mezani, asubuhi hii."

"Haya, wifi. Asante." Akakata.

Mdogo wangu aliirudisha chaki kwenye kopo lake. Aliongea polepole, kama anamweleza mteja mgeni. "Nilikuwa nakuambia kwamba kesho namwambia mwenyewe. Ndilo sharti lake. Usiku kucha nilikuwa napanga maneno."

Nilimpigia tena wifi, mara tatu, ya nne akapokea. Nikamweleza kosa ni langu, alikuwa anajiandaa kumwambia, mimi ndiye niliyeharibu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sina kinyongo na wewe," alisema. "Labda angeniambia. Labda angeniona nimeingia na mtoto akaogopa, akanyamaza. Sitajua tena, wifi. Na nimechoka kutojua."

Jumamosi gauni la njano lilining'inia kwenye msumari, limepigwa pasi. Mdogo wangu alikaa anatazama barabarani mpaka tunafunga. Hawakuja.

Jumatatu alichora mstari. Jumanne mstari. Tangu siku ile hajachora duara hata moja, na huu ni mwezi wa nane. Kwa mshauri aliacha kwenda, anasema amepona. Nilikwenda mimi peke yangu, nikamweleza yule mama nilichofanya. Hakunigombeza. Alisema mlango uko wazi, wapo wanaoanguka mara nyingi na wakasimama, nianze kwa kumwomba mdogo wangu msamaha. Nilimwomba. Alisema, "Yameisha, dada." Nikimuuliza hali, ananijibu, "Salama." Amenunua simu kubwa nyingine, anasema wateja wanataka mishono mipya. Pazia la stoo limerudi, anasema ni kwa ajili ya vumbi.

Leo asubuhi kachora mstari wake, umenyooka vizuri kama alivyofundishwa na baba. Akaingia stoo kutafuta uzi. Mchana nikachukua gauni alilomaliza ili nilikague, nikaona mkono wa kushoto umepachikwa kulia. Alikuwa kwenye cherehani, ameacha kukanyaga pedali, ananitazama mdomo. Nikachukua wembe, nikakaa kwenye kigoda, nikafumua, na sikusema kitu.