Hofu Iliyozidi, kwa Macho ya Nani?

Mdogo wangu unayeanza udaktari, nilipotoka chuoni swali moja lilininyima usingizi: nikiandika kwamba maumivu ya mtu ni ugonjwa wa akili, kisha ikawa sivyo, nitamrudishiaje jina lake?

Siku moja naikumbuka vizuri. Katika zahanati yetu ya Thongpiny aliingia Apio, mjane Mganda anayepika chapati kwenye kibanda chake mtaani Nyakuron, akiletwa na ndugu wa marehemu mumewe. Kama ilivyo kawaida hapa, aliyemleta ndiye aliyesema.

"Doktari, tumbo yake imepimwa kila mahali, hakuna kitu. Anawaza tumbo asubuhi mpaka jioni. Hii ni kichwa. Andika tu, tupeleke yeye maombi Nesitu. Kibanda mimi nitaangalia."

"Uangalie, shemeji?" Apio akadakia. "Wewe hata maji unaunguza!"

Zamani mwongozo wetu wa kutambua magonjwa ya akili ulitaka kwanza maumivu yakose chanzo mwilini. Ule mpya umeliacha sharti hilo. Mtu anaweza hata kuwa na kidonda cha tumbo na bado akaandikiwa ugonjwa wa akili. Kinachotazamwa ni kama hofu yake juu ya maumivu imezidi, tena kwa muda mrefu. Ni badiliko jema, maana vipimo visivyoonyesha kitu si ushahidi wa wazimu. Lakini mimi hushuku kila kitu, na neno "imezidi" nililishuku. Imezidi kwa macho ya nani? Kwa maelezo ya shemeji, Apio aliingia kwenye mwongozo bila shida. Nikamshuku na shemeji: haraka ya nini?

Nikamwomba atoke. Akanuna, akatoka.

"Mama, ni kweli unawaza tumbo siku nzima?"

"Nikianguka mbele ya jiko, watoto watakula nini? Wewe ungewaza nini, Doktari? Mpira?"

Nikacheka, kisha nikaona aibu kucheka. Hofu yake ililingana na hatari iliyomkabili.

Mdogo wangu, usipokee kipimo cha hofu kutoka kwa atakayefaidika na jibu. Muulize mwenye maumivu, akiwa peke yake. Wala usione haya kuandika kwamba bado hujui.

Mungu akupe subira ya kusikiliza, akukinge na haraka za wengine. Mimi nilimwita shemeji ndani, nikamwambia mbele ya Apio: "Ugonjwa wa akili sijaandika. Chanzo tunaendelea kukitafuta. Atarudi wiki ijayo, na kibanda atafungua mwenyewe."